IMANI NA AKILI: MAFUNDISHO YA MKWAJU WA KATAVI

Kusini ya mji wa Mpanda, katika bara ya Tanzania, liko ziwa la Katavi, na karibu yake umesimama mkwaju mashuhuri. Wabende husimulia kuwa ndani yake inakaa roho ya Katabi, mwindaji wa kale. Na watu huweka sadaka zao chini ya mti huo wakitaka baraka.

Mtu wa pwani akisikia khabari hii hucheka. Lakini na aulizwe: Je, wewe itikadi yako umeipata kwa dalili gani? Akijibu kuwa amewakuta nayo wazee wake, basi hoja yake na hoja ya mwenye mkwaju ni moja.

Kwa ajili hii Imamu Sanusi, aliyekufa mwaka 895 wa Hijra (1490), katika kitabu chake Ummul-Barahin ameanza kwa hukumu za akili. Nazo ni tatu: wajibu, ambalo akili haikubali kukosekana kwake, muhali, ambalo akili haikubali kuwapo kwake, na jaizi, ambalo kuwapo na kutokuwapo kwake yote mawili yakubalika.

Basi na upimwe mkwaju kwa mizani hii. Ulikuwa mbegu, ukamea, na siku moja utaanguka. Kwa hivyo ni jaizi, na kila jaizi lahitaji wa kulileta. Asiyejileta mwenyewe atampaje mwingine baraka? Ndiyo njia ya Nabii Ibrahimu katika Suratul-An'am: nyota, mwezi na jua vilipotua, alijua kuwa si Mola.

Maulamaa wengi wamesema kuwa imani ya mwenye kufuata tu ni sahihi, ila ana dhambi akiwa aweza kutazama dalili naye asitazame.

Wala akili haitoshi peke yake. Yajulisha kuwa yuko Muumba. Haijulishi idadi ya rakaa za Alasiri. Hayo huletwa na Mtume. Akili ni jicho, na wahyi ni mwangaza. Jicho bila ya mwangaza halioni, na mwangaza haumfai kipofu.

Basi ndugu Muislamu, usiwatukane wenye mkwaju, kwani sura hiyo hiyo imekataza kutukana vinavyoabudiwa na wengine. Itazame kwanza hirizi iliyo shingoni mwako. Ukiitakidi kuwa yalinda kwa nguvu zake yenyewe, nawe umesimama chini ya mkwaju, ijapokuwa nyumba yako i karibu na msikiti.

Wallahu aalam.