SOMO LA AFYA: MASHINE YA KUSHTUA MOYO VITUONI, NA MTU WA KUIWASHA

Makala haya yanawahusu watumishi wa vituo vya afya vinavyopokea wagonjwa bila ya miadi, pamoja na wananchi wanaovitegemea. Suali lililo mbele yetu ni hili: je, ipasa kila kituo cha namna hiyo kilazimishwe kuwa na mashine ya kushtua moyo na watumishi waliofunzwa kuitumia? Jawabu letu ni ndiyo, kwa sharti kwamba mambo hayo mawili yaandikwe katika kanuni moja na yasitenganishwe.

Kwanza ifahamike tofauti ambayo mara nyingi huchanganywa katika mazungumzo. Mshipa unaoupelekea moyo damu ukiziba, mgonjwa kwa kawaida huwa na fahamu zake; hulalamika kifua kumbana, hutoka jasho, pengine hutapika. Hayo ni maradhi ya ghafla ya moyo. Kusimama kwa moyo ni jambo jengine: mtu huanguka, haitiki akiitwa, na hapumui, au huvuta pumzi chache za kukoroma ambazo watazamaji hudhani ni uhai. Mitaani husemwa tu kuwa “presha imempanda”. Hali ya kwanza yaweza kuzaa ya pili wakati wowote, hata mgonjwa angali ameketi kwenye benchi akisubiri kuitwa jina. Na mwenye maumivu ya kifua hukimbilia kituo kilicho karibu naye. Ndiyo maana suali hili ni la vituo vidogo pia, wala si la hospitali kuu peke yake.

Moyo huendeshwa na umeme wake wenyewe. Umeme huo ukivurugika, misuli ya moyo hutetemeka ovyo badala ya kukaza na kulegea kwa pamoja, na damu haisukumwi. Mashine hupitisha mkupuo mmoja wa umeme kifuani ili mtetemo huo ukome na moyo upate nafasi ya kurejea katika mapigo yake. Daktari Claude Beck wa Cleveland, Marekani, alifanikiwa kufanya hivyo mwaka 1947 kwa kijana wa miaka 14 ambaye kifua chake kilikuwa kimepasuliwa. Katikati ya miaka ya 1960 Frank Pantridge wa Belfast aliipakia mashine hiyo katika gari ya wagonjwa, nayo ilikuwa na uzito wa kilo 70 hivi. Za leo hubebwa kwa mkono mmoja. Hubandikwa vibandiko viwili kifuani, mashine huyasoma mapigo yenyewe, husema kwa sauti la kufanya, na hukataa kutoa umeme iwapo moyo hauuhitaji.

Hapo ndipo watu hupumbazika. Ikiwa mashine inajiongoza, mafunzo ya nini? Jawabu limo katika dakika. Ubongo uliokosa damu huanza kudhurika baada ya dakika nne hadi sita. Kila dakika inayopita bila ya kukandamizwa kifua na bila ya mashine, matumaini ya kupona hupungua kwa asilimia 7 hadi 10. Kifua kikikandamizwa ipasavyo, yaani mara 100 hadi 120 kwa dakika na kwa kina cha sentimita tano hadi sita kwa mtu mzima, upungufu huo huwa mdogo zaidi. Mashine haikandamizi kifua. Hiyo ni kazi ya mikono, na mikono isiyofunzwa husita.

Wala tusidhani kuwa kusita ni kwa wasio wauguzi tu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu hospitali 369 za Marekani ulionyesha kuwa takriban wagonjwa watatu katika kila kumi walishtuliwa moyo baada ya dakika mbili kupita, wakiwa ndani ya hospitali, wamezungukwa na madaktari. Katika waliocheleweshwa, asilimia 22 waliruhusiwa kurudi nyumbani wakiwa hai. Katika wasiocheleweshwa, asilimia 39.

Linganisha na hili. Mwaka 2000 ilichapishwa taarifa ya nyumba za kamari za nchi hiyo hiyo, ambako walinzi walifunzwa kuitumia mashine. (Hukumu ya kamari tuiache kwa wenyewe, hapa tunatafuta somo.) Katika watu ambao moyo wao ulikuwa unatetemeka, na walioshtuliwa ndani ya dakika tatu tangu kuanguka, asilimia 74 walinusurika. Walioshtuliwa baada ya dakika tatu, asilimia 49. Waliofanya kazi hiyo ni walinzi, watu wenye redio ya mkononi na zamu iliyojulikana. Mlinzi na karani wa mapokezi wa kituo cha afya hawawashindwi watu hao kwa lolote, isipokuwa hawajafunzwa.

Iko pia taarifa ya mwaka 2010 ambayo wauzaji wa mashine hawapendi kuitaja. Katika hospitali 204 za Marekani, kuwekwa kwa mashine za kujiongoza wodini hakukuongeza idadi ya waliopona. Wagonjwa wengi wa wodini moyo wao haukuwa katika mtetemo wa kutibika kwa umeme, na mashine inapoyasoma mapigo mikono husimamishwa. Kwa hiyo mtumishi afunzwe pia kurudi kifuani mara tu mashine imalizapo kusema. Halikadhalika kwa sisi wa visiwani: aliyezama baharini moyo wake kwa kawaida husimama kwa kukosa hewa. Huyo huanziwa kwa kupuliziwa pumzi na kukandamizwa kifua. Mashine huletwa, lakini haisubiriwi.

Nchi nyengine zimeanza kulitungia jambo hili sheria. Ufaransa ilipitisha sheria mwezi Juni 2018, na kwa amri ya Disemba mwaka huo majengo yanayopokea umma yalipewa muda kwa mafungu. Kufikia tarehe 1 Januari 2022 hata vituo vidogo vya matibabu vilikuwa vimeingizwa. Mwenye mashine anawajibika kuitunza, na mahali ilipo pawekewe alama. Uingereza, kwa upande wake, Baraza la Ufufuaji limeweka viwango vya huduma za awali vinavyotaka mashine ipatikane papo hapo na watumishi wafunzwe upya kila mwaka. Wafaransa walikaza upande wa chombo, Waingereza upande wa mtu. Sisi hatuna sababu ya kuchagua upande mmoja.

Kanuni yenye manufaa, kwa maoni yetu, haina budi kutaja zamu na isiishie kwenye jengo. Kituo chenye watumishi watatu waliofunzwa, wote wakiwa zamu ya asubuhi, hakina mtu usiku. Pawepo angalau wawili katika kila zamu, kwani mmoja hukandamiza na mwengine huiendea mashine na kuita gari ya wagonjwa. Mazoezi yafanywe kwa kushtukiza, saa mkononi, kuanzia kwenye benchi la wagonjwa.

Kuhusu utunzaji, hali ya hewa yetu ya joto na unyevunyevu haina huruma. Vibandiko vina tarehe ya mwisho na utomvu wake hukauka. Betri hufa kimya kimya. Kuna mazoea ya kufungia kabatini kila chombo cha thamani, na ufunguo ukakaa na mkuu wa kituo. Kwa vyombo vyengine mazoea hayo ni ya busara. Kwa mashine hii ni sawa na kutokuwa nayo. Itundikwe ukutani karibu na mapokezi, bila ya kufuli. Na katika daftari la makabidhiano ya zamu iongezwe safu moja, ya jina la aliyeitazama taa ya mashine siku hiyo na saa aliyoitazama.