Kununua Joho: Mafunzo Niliyopata Dunda

Joho zuri la kushonwa kwa mkono, lenye zari ya kweli kwenye ukosi, linaweza kufika bei ya pikipiki. Kwetu Dunda, Bagamoyo, bwana harusi anayekwenda kuozeshwa huvaa kanzu, juu yake joho, kiunoni jambia na kichwani kilemba. Katika vyote hivyo, kanzu ni yake na kilemba huenda kikawa cha baba yake, lakini joho karibu kila mara ni la kukodi. Mdogo wangu alipoposa, baba mdogo alisema hadharani kwamba ukoo mzima umekuwa ukimlipa mwenye duka bei ya joho bila kupata joho. Kwa kuwa mimi nafundisha hesabu, nikaagizwa nikachunguze kama inafaa tununue letu. Haya ndiyo niliyoyapata.

1. Gawa bei kwa mabega

Binamu yangu anayeishi Leicester ana kanuni yake ya nguo ghali. "Kaka, chukua bei, gawa kwa siku utakazoivaa." Yeye ana koti refu la mvua la Burberry, lile la rangi ya mchanga lenye mkanda kiunoni. Leo koti hilo likiwa jipya dukani linapita dola 2,000. Analivaa tangu Oktoba hadi Aprili, na anasema litafika miaka kumi. Nikafanya hesabu: ni kama dola moja na senti kidogo kwa siku. Kwa mtu wa mvua za Uingereza, koti hilo si anasa sana kama linavyosikika.

Ukilileta hapa, kanuni inaanguka. Kwa joto letu koti kama lile linamfaa dereva wa bodaboda anayerudi usiku kutoka Msata, naye hulipata kwenye mitumba kwa bei isiyomfanya aulize jina la kampuni. Joho nalo linaanguka kwa kanuni hiyo hiyo. Bwana harusi hulivaa baada ya Alasiri, akaozeshwa, akapigwa picha, akaingia kwa bibi harusi, na kabla ya Isha limeshaning'inizwa msumarini. Gawa bei kwa saa hizo, hutanunua joho maisha yako yote.

Nilichogundua ni kwamba kigawanyo chetu ni mabega. Dukani nilipouliza, kukodi kulikuwa shilingi 40,000, na joho la daraja la kati, jepesi, lenye nakshi safi ya mashine, lilikuwa 400,000. Maana yake harusi kumi. Katika ukoo wetu vijana ambao hawajaoa walikuwa wanane. Kwa hesabu tupu, tulikuwa tumepungukiwa harusi mbili. Lakini walii naye hupenda kuvaa joho siku ya kuozesha, na katika Maulidi ya mfungo sita kuna mzee wetu mmoja husoma mbele za watu. Nikapeleka jibu kwenye kikao: inakaribia kufaa, ila wingi wa wavaaji hautatusaidia kama joho lenyewe halitadumu kuwafikia wote.

2. Omba uzi mmoja uuchome

Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi, na sijutii. Wauzaji wa Kariakoo na wa Darajani, Unguja, wana maneno matatu wanayoyarudia: "la Oman", "la Dubai", "la mkono". Hayo yote yanaweza kuwa kweli na nguo ikawa mbovu. Mwaka 2022, Desemba 18, Amiri wa Qatar alipomvisha Lionel Messi joho jeusi pale Lusail, ripoti zilisema lilikuwa na thamani ya kama dola 2,200, kitambaa chake kimetoka Japani na uzi wake wa dhahabu Ujerumani. Kwa hiyo hata lile lililoonwa na dunia nzima lilikuwa na nchi tatu ndani yake. Kuuliza joho limetoka wapi hakutoshi. Uliza limetengenezwa kwa nini.

Mzee mmoja wa cherehani, ambaye amewashonea kanzu watu wa Mji Mkongwe tangu mimi nikiwa mtoto, ndiye aliyenifundisha. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha bila kuinua macho akauliza, "Umekuja na uzi au umekuja na maneno?" Nilikuwa nimekuja na nyuzi, nilizoomba kwenye pindo la ndani la majoho mawili. Akawasha kiberiti.

Uzi wa kitambaa cha kwanza uliyeyuka ukajikunja kuwa kidonge cheusi kigumu: polista. Wa pili uliungua polepole, ukanuka kama nywele zilizoungua, ukabaki jivu linalosagika: sufu. Kwenye zari ikawa hivyo hivyo. Zari ya plastiki ilitoweka papo hapo. Ya madini ilibaki, waya mwembamba uliosokotwa kama chemchemi, na moyo wa hariri ndani yake umeungua. Mzee akaongeza jambo ambalo muuzaji yeyote hatakwambia: si kila madini ni dhahabu. Zari bora ni fedha iliyopakwa dhahabu. Ya bei nafuu ni shaba iliyong'arishwa, nayo kwa hewa ya chumvi ya Bagamoyo hugeuka kijivu, kisha nyeusi, na kwenye mikunjo huota ukijani. "Ukikosa ya fedha," akasema, "mwanangu, chukua plastiki nzuri kuliko shaba. Plastiki haitakudanganya, ila usiipige pasi." Ushauri huo ulinishangaza, kwa kuwa nilidhani madini daima ni bora. Kwa mtu wa Dodoma huenda ikawa hivyo. Kwa nyumba iliyo karibu na soko la samaki, sivyo.

3. Harusi hazikai mwezi mmoja

Harusi zetu nyingi hufungwa Shaabani, kabla ya mfungo wa Ramadhani, au mfungo mosi baada ya Idi. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11, kwa hiyo msimu wa harusi unatembea. Mwaka 2026 Shaabani imeangukia Januari na Februari, kaskazi imesimama, mchana joto linapita nyuzi 30 na hewa imejaa maji. Bwana harusi aliyevalishwa joho zito la sufu katika hali hiyo huonekana kama mtu anayesubiri hukumu.

Ila joho linalotunzwa linakaa miaka 30 bila taabu, na katika muda huo Shaabani itarudi nyuma mwezi baada ya mwezi: Desemba, kisha vuli, na ifikapo katikati ya miaka ya 2040 itakuwa katika upepo wa kusi, wakati wazee wetu wanavaa masweta asubuhi. Ukinunua kwa ajili ya harusi ya mwaka huu tu, utachagua kitambaa chepesi kinachopitisha mwanga. Ukinunua kwa ajili ya ukoo, swali linakuwa gumu zaidi. Ghuba walishalijibu kwa kuwa na majoho mawili, jepesi la kiangazi na zito la baridi. Sisi hatukuwa na fedha za mawili. Tuliamua jepesi, kwa hoja ya shangazi kwamba mtu akiona baridi atavaa fulana ndani ya kanzu na hakuna atakayejua, lakini mwenye kuona joto hana cha kuvua.

4. Mtindo hauna haraka

Hili ni fupi. Picha za Seyyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, zinamwonyesha ndani ya joho ambalo ukimvisha bwana harusi wa Dunda leo hakuna atakayesema limepitwa na wakati. Koti la binamu yangu lina sifa ya karibu na hiyo. Thomas Burberry alisajili hataza ya kitambaa chake cha gabadini mwaka 1888, na koti lenyewe likapata umaarufu kwenye mahandaki ya vita vya 1914 hadi 1918, vita ambavyo sisi vilitufikia Agosti 1916, manowari za Waingereza zilipoipiga Bagamoyo mizinga na kuitwaa. Mikanda ya mabegani waliyowekewa maofisa bado ipo kwenye koti la leo. Kwa hiyo muuzaji akikuambia joho lake ni "mtindo mpya wa mwaka huu", unaweza kumshukuru na kuendelea na safari.

5. Tazama mshono wa katikati

Koti linakatwa kwa mwili wa mtu mmoja. Bega likikataa, limekataa. Joho limeachwa wazi mbele, halina kiuno, halina kifungo, na mikono yake ni mipana. Kinachobaki ni urefu tu: lifike juu kidogo ya kifundo cha mguu, lisifagie. Geuza ndani utazame mshono unaokata mgongo kwa upana. Hapo ndipo fundi hukunja kitambaa cha ziada, na hapo ndipo hufumuliwa au kuongezwa kunjo kulingana na kimo cha mvaaji. Sisi tuna kijana wa futi sita na mwenzake ambaye humfikia kifuani. Joho la kwanza nililolipenda lilikuwa na kunjo la vidole viwili tu. Niliacha kulipenda.

6. Karafumaiti au mwarobaini

Ukoo uligombana juu ya hili kuliko juu ya bei. Adui wa joho hapa ni watatu: nondo, ukungu na jasho la shingoni. Kwa nondo, wengi hutia karafumaiti sandukuni, na kweli inafukuza. Shangazi alikataa katakata. Alisema harufu ile kwake ni ya kuoshea maiti, na hatamvisha kijana nguo ya furaha inayonuka msiba. Tukakubaliana majani ya mwarobaini yaliyokaushwa kivulini na punje za karafuu ndani ya vifuko vya kitambaa, vibadilishwe harufu ikififia. Vinasaidia, ila havina nguvu ya karafumaiti, kwa hiyo nguo itolewe na kukung'utwa mara kwa mara.

Ukungu unataka hewa. Mfuko wa nailoni ambao muuzaji hukupa kwa tabasamu ndio unaouotesha, kwani unyevu ukishaingia hautoki. Shuka kuukuu la pamba ni bora. Na jasho la ukosi lisisubiri: kitambaa chenye maji kidogo, upande wa ndani, usiku ule ule wa harusi, kabla chumvi haijaifikia zari.

Kuhusu udi sina ubishi, joho lisilofukizwa halijakamilika. Ila chetezo kikae mbali na pindo. Cheche moja juu ya polista hufanya tundu ambalo hakuna fundi anayeliziba lisionekane.

7. Amueni ni la nani kabla halijaingia nyumbani

Kuna methali isemayo nguo ya kuazima haisitiri matako. Nimeisikia tangu utotoni na sikuwahi kuitilia shaka hadi tulipoanza kuchangishana. Karibu kila bwana harusi niliyemwona Dunda alikuwa ndani ya joho la kuazima au la kukodi, na alisitirika vizuri tu. Tatizo lipo kwa mwenye nguo: akifa, inakuwa mali ya mirathi. Joho lililochangiwa na watu kumi na wawili lakini risiti ikaandikwa jina la baba mdogo, siku moja lingegombaniwa na watoto wake, nao wangekuwa na haki.

Tulimwendea mwalimu wa madrasa. Akatueleza kwamba kwa madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu pwani tunayafuata, hata kitu kinachohamishika kinaweza kuwekwa wakfu, mradi chenyewe kinabaki na manufaa yake yanaendelea. Joho si nyumba wala shamba, lakini sharti hilo linalitimiza. Tukaandika karatasi: joho ni wakfu kwa ajili ya mabwana harusi wa ukoo, haliuzwi, halirithiwi, na shangazi ndiye msimamizi. Baba mdogo alitaka liongezwe neno "na wazee wa ukoo", maana anajipenda, likaongezwa.

Karatasi hiyo ndiyo iliyoamua suala la kununua. Kabla yake, kila mtu alikuwa akikadiria atalivaa mara ngapi yeye. Baada yake waliochangia zaidi walikuwa akina mama wenye watoto wa kiume wa miaka sita na saba.

8. Anayeazima ndiye anayetengeneza

Tulinunua la kahawia, jepesi, zari ya plastiki iliyoshonwa vizuri, kunjo la kutosha mgongoni. Mdogo wangu alilivaa. Haikupita muda majirani wakaanza kubisha hodi, na karatasi yetu haikusema lolote juu ya majirani. Shangazi kwa kuwa ndiye msimamizi akatoa hukumu yake: jirani hapewi bure wala hakodishiwi. Atalichukua, na likirudi na kasoro atalipeleka kwa fundi kwa fedha zake kabla halijapokelewa. Mpaka sasa limerudi salama kila mara isipokuwa mara moja, ukosi ulipolegea upande wa kushoto. Jirani ameshatoa fedha. Baba mdogo anasema fundi anayeweza kazi hiyo yuko Unguja. Shangazi anasema yuko hapa hapa Bagamoyo, mtaa wa Magomeni, ila baba mdogo ana deni lake la kanzu na anaona haya kupita mlangoni kwake.