Zimwi Limeinua Rungu! Vidokezo 7 vya Kuhesabu Dadu Bila Kusimamisha Mchezo

Mchezo umekolea. Mashujaa wamebanwa kwenye mdomo wa pango, jitu limeinua shoka, na mezani hakuna anayepumua. Mara mwendesha mchezo anaanza kufunua kitabu: shoka la jitu hurushiwa dadu ngapi? Dakika tano baadaye utamu wote umeyeyuka. Safari ijayo haitakuwa hivyo! Hesabu ya silaha na ukubwa wa mwili katika Dungeons & Dragons unaweza kuimaliza jioni moja, na ukishaishika utaifanya huku mkono mwingine uko kwenye bakuli la karanga.

1. Uliza kwanza: tunacheza kitabu kipi?

Ule upanga wa kawaida wa shujaa una dadu moja ya pande nane, yaani 1d8. (Hiyo d isome "dadu", imetuangukia vizuri sana.) Sasa mpe jitu kubwa sana upanga wa namna hiyohiyo, uliofuliwa kwa kimo chake. Mchezaji mmoja atakuambia ni 3d6, mwingine atashikilia 3d8, na wote wawili wako sahihi! Wa kwanza anatumia toleo la 3.5 la mwaka 2003, wa pili toleo la tano la 2014. Mchezo wa Pathfinder, toleo la kwanza la 2009, nao ulijengwa juu ya msingi wa 3.5. Swali moja kabla ya kuanza linaokoa mabishano ya usiku mzima.

2. Toleo la tano: mbili, tatu, nne

Huku mambo ni mteremko. Mwongozo wa mwendesha mchezo wa 2014 unasema kiumbe kikubwa kinazidisha dadu za silaha mara mbili, kikubwa sana mara tatu, kikubwa mno mara nne. Rungu zito la 1d8 mikononi mwa zimwi linakuwa 2d8. Shoka la mikono miwili, 1d12, kwa jitu la barafu ni 3d12. Upanga wa mikono miwili, 2d6, kwa jitu la moto ni 6d6.

Angalia hapa, maana wengi huteleza: kinachozidishwa ni dadu peke yake. Nyongeza ya nguvu za mwili huwekwa mara moja tu. Jitu la moto linapiga 6d6+7. Ukizidisha na ile saba utafika +21, na mashujaa wako watakufa kifo ambacho hawakustahili.

3. Toleo la 3.5: kariri ngazi moja tu

Jedwali la 3.5 linatisha kwa sababu lina safu nyingi. Usilikariri! Kariri upanga wa kawaida, kuanzia mkono wa mtu mdogo hadi wa dubwana kubwa kuliko yote: 1d6, 1d8, 2d6, 3d6, 4d6, 6d6. Iseme mara tatu kwa sauti. Tayari.

Uzuri wake ni kwamba silaha nyingi huishia kuingia kwenye ngazi hiyohiyo, tofauti ni pale zinapoingilia. Jambia linaanza chini, 1d4, linapanda 1d6, kisha 1d8, kisha 2d6. Upanga mfupi wa 1d6 umetangulia hatua moja. Shoka la 1d12 na upanga wa 2d6, hata kama vinatofautiana mkononi mwa binadamu, vikishikwa na kiumbe kikubwa vyote ni 3d6. Mkaidi ni silaha ya 1d10: yeye hupita njia yake, 2d8, 3d8, 4d8. Mwandike pembeni ya karatasi, basi.

4. Wastani kwa sekunde mbili

Chukua idadi ya pande za dadu, gawanya kwa mbili, ongeza nusu. Dadu ya pande sita: 3.5. Ya pande nane: 4.5. Kwa hiyo upanga wa 1d8 ukipanda kuwa 2d6, umetoka 4.5 hadi 7. Mazimwi matano yanapopiga kwa pamoja na saa imekwenda, usirushe kitu. Tumia wastani: 2d8+4 ni 13. Toleo la tano limeuchapa kabisa kwenye maelezo ya kila kiumbe, tena kwa ruhusa ya kuutumia.

5. Dadu zikiwa nyingi, bahati inapungua

Dadu moja ya pande 12 itakupa 12 mara moja katika kila 12. Dadu mbili za pande sita, mara moja katika 36. Kadiri unavyoongeza dadu, ndivyo majibu yanavyojikusanya katikati. Ndiyo maana usilisogelee jitu la moto ukiomba lipate moja tupu kwenye 6d6: hilo hutokea mara moja katika 46,656! Weka akilini 28, kisha tazama una uhai kiasi gani.

6. Umeokota silaha ya jitu? Lipa gharama

Kila mchezaji huitamani. Katika toleo la tano, silaha iliyotengenezewa aliye mkubwa kuliko wewe inakufanya, unaposhambulia, urushe dadu mbili za pande 20 na kuchukua iliyo ndogo, na ikikuzidi ngazi mbili za ukubwa, mwendesha mchezo anaweza kukukatalia. Katika 3.5 unapunguziwa 2 kwenye mrusho wa kushambulia kwa kila ngazi, na upanga wa mkono mmoja unadai mikono miwili.

7. Uchawi wa kukuza mwili: andika mapema

Katika toleo la tano, mwili ukikuzwa kwa uchawi silaha yako haizidishwi mara mbili. Inaongezewa 1d4, kwisha. Katika 3.5 unapanda ngazi moja ya kidokezo cha tatu. Chukua penseli sasa hivi, na kando ya 1d8 kwenye karatasi ya mhusika wako andika 2d6. Mchawi akimaliza kutamka maneno yake, dadu ziko mkononi.