Mdogo Wangu, Yaulize Maji Kwanza

Mdogo wangu wa Bonde la Mpunga, salamu nimezipata. Unasema jua linachoma uwani tangu saa nne, masika yakiingia vyura wanahamia, na miparachichi yako miwili imekufa mmoja baada ya mwingine. Pole. Ila jina la mtaa lilishakuonya.

Miparachichi hiyo haikulogwa. Mizizi nayo hupumua. Udongo ukijaa maji hewa hukosekana, mizizi huoza, na majani hunyauka utadhani mti una kiu. Hapo ndipo wengi tunaongeza ndoo ya maji na kummaliza mgonjwa. Mimi nilifanya hivyohivyo kwa mwarobaini, huku nikijigamba kuwa mwarobaini haufi. Ulikufa. Ule ni mti wa pakavu.

Basi kabla hujaenda kununua mche, chimba shimo la kina cha mkono, ulijaze maji jioni, asubuhi uchungulie. Maji yakiwa yamekwisha, panda mkungu. Unavumilia chumvi na upepo wa bahari, matawi yake hutanda ghorofa juu ya ghorofa, na watoto watapata kungu za kuponda. Ukipukutisha majani, ufagio usiwe mbali. Maji yakiwa bado yamesimama shimoni, chagua mzambarau. Huo unastahimili ardhi iliyotota, na kivuli chake ni kizito. Zambarau zikiiva hutia madoa kila zinapodondoka, kwa hiyo usianike mashuka chini yake. Mkuyu unapenda maji kweli, lakini uache huko mtoni. Mizizi yake haina adabu kwa mabomba.

Panda wakati wa vuli, ili ifikapo Machi mche uwe umeshashika. Inua tuta la kufika magotini, pana kama mkeka, mche ukae juu yake. Kaa mbali na ukuta na karo la choo, mita 8 au zaidi, na utazame nyaya za umeme kabla hujashika jembe. Tena asikudanganye mtu kwamba mti utakausha uwanja. Hiyo ni kazi ya mtaro.

Na lile lori la kifusi analolitaka shemeji, mwambie lije kabla ya mti. Kikimwagwa baadaye kikafunika shina, mizizi itakosa hewa vilevile, na barua yako ijayo itakuwa ya msiba wa tatu.