Povu la Wanga: Kifungashio Kinachoyeyuka Majini

Redio au kinyago kinaposafirishwa, hatari kubwa ni kuanguka na kutikisika. Ndiyo sababu sanduku hujazwa povu gumu, yaani kitu chenye vyumba vidogo vingi vya hewa. Likigongwa, vyumba hivyo hubonyea na kupunguza nguvu ya pigo.

Povu lililoenea sana ni polistirini, itokanayo na mafuta ya petroli. Zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za ujazo wake ni hewa, hivyo huelea. Kipande kikitupwa katika ufuko wa Dunda, mjini Bagamoyo, maji kujaa hukichukua. Jua na mawimbi hukivunja kuwa chembe ambazo samaki huweza kuzimeza. Katazo lililoanza Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019 lililenga mifuko ya plastiki ya kubebea.

Mnamo 1989 Norman Lacourse na Paul Altieri walipewa hataza nchini Marekani kwa povu la wanga wa mahindi. Njia yake yafanana na upikaji wa bisi. Wanga wenye maji kidogo husukumwa kwa parafujo ndani ya mtambo wenye joto kali. Utokapo mdomoni mwa mtambo, shinikizo hushuka ghafula. Maji hugeuka mvuke na kuuvimbisha wanga. Kwa kuwa molekuli za wanga hupenda maji, povu hilo likiloweshwa hulainika na kutawanyika, kisha bakteria hulila.

Je, muhogo unaolimwa Pwani wafaa kazi hii? Kuna vikwazo viwili. Kwanza, kinachoimarisha kuta za vyumba ni amilosi. Hataza ile ilitaka wanga wenye amilosi isiyopungua 45 kwa mia, hali wanga wa muhogo una takriban 20 kwa mia tu. Pili, sifa iliyeyushayo povu majini hulidhuru ghalani: katika unyevu wa masika hulegea na kusinyaa. Kwa hiyo halifai kwa samaki wenye barafu, bali kwa vitu vikavu vilivyofungwa vema.

Mwanafunzi aweza kuyatofautisha mapovu haya kwa kikombe cha maji ya vuguvugu: la wanga huyeyuka, polistirini huelea. Tone la iodini hulifanya la wanga kuwa buluu iliyoiva.

Hata hivyo, kuyeyuka si kutoweka. Wanga mwingi ukimwagwa kidimbwini, bakteria wanaoula humaliza oksijeni ya samaki. Mahali pake ni shimo la mboji.