SOMO KWA WASIMAMIZI: KUAMRISHA NA KULEA



Mchumo ukikaribia twatengeneza majamvi, twakagua ngazi na twatafuta magunia. Msimamizi twamsahau, na karafuu zetu zote hupita mikononi mwake. Somo la leo ni lake.

Wako wasimamizi wa namna mbili. Wa kwanza huamrisha tu. Akisimama chini ya mkarafuu, kazi huenda vizuri. Akienda sakafuni kuwatazama waanikaji, huku nyuma matawi yavunjwa. Hasara yake twaijua sote: tawi la mkarafuu ni jepesi kuvunjika, na lililovunjwa mwaka huu halitazaa mwakani.

Wa pili hulea. Tazameni mpira wa miguu. Anayeifundisha timu twamwita mwalimu. Mchezo ukianza hana ruhusa ya kuingia uwanjani. Anayoyajua hayana budi yawe yamekwisha kuingia vichwani mwa wachezaji. Msimamizi naye hawezi kupanda kila mkarafuu.

Mimi nilikuwa wa namna ya kwanza kwa miaka mingi. Msimu mmoja nikakuta tawi limefichwa chini ya majani makavu. Nilitaka kufoka, lakini sauti ilikuwa imekwisha kunikauka tangu asubuhi. Basi nikamwuliza tu kijana aliyekuwa mtini:

“Kijana wangu, tawi hili limevunjikaje?”

“Niwie radhi, Ami. Karafuu za nchani zilikuwa mbali, nikalivuta.”

“Mbona hukusogeza ngazi?”

“Ngazi nzito, mtu mmoja haiwezi. Na nikimwita mwenzangu, atapungukiwa na pishi zake.”

Nikanyamaza. Sisi twalipa kwa pishi. Nani atakubali kuacha pishi zake akashike ngazi ya mwingine? Miaka yote hiyo nilikuwa nikikemea mkono wa mchumaji, na kosa lilikuwa katika mpango wangu mwenyewe.

“Wewe waonaje?” nikamwuliza.

“Tufanye kazi wawili wawili, Ami, ngazi moja, na pishi tugawane sawasawa.”

Siku ya pili tukajaribu kwa watu wanne. Matawi yaliyovunjika yakapungua, na wale wanne wakawa wanaangaliana wenyewe, niwepo nisiwepo. Mpango ule ulikuwa wao, nao waliulinda.

Njia hii ya kuongoza kwa kuuliza imeandikwa vitabuni. Mwingereza John Whitmore, aliyewahi kuwa dereva wa mashindano ya magari, alitoa kitabu mwaka 1992 kilichoieneza kwa wakuu wa kazi. Humo mna hatua nne ambazo sisi twaweza kuziuliza hivi:

1. Wataka kufikia nini?
2. Hali ikoje sasa?
3. Zipo njia gani?
4. Utafanya nini, na lini?

Ukishauliza, nyamaza usikilize. Anayeuliza kisha akajijibu mwenyewe hakuuliza. Na mtu akikueleza kosa lake kwa ukweli, usimwadhibu kwa ukweli huo, maana kesho atalificha tawi mbali zaidi.

Lakini kila jambo lina mahali pake. Wingu likitanda na karafuu zimo majamvini, usimwulize mtu aonavyo, sema, “Anueni!” Ukimwona mtu amekanyaga tawi bovu, mwamrishe ashuke. Na mgeni wa kazi ambaye hajapata kuchuma, kwanza mwonyeshe kwa mkono wako, kisha mwache afanye huku ukimtazama, ndipo umwulize. Mtu hawezi kujibu juu ya jambo asilopata kuliona.

Wengine watasema, “Nikiuliza wataniona sijui kazi.” Twawaambia watoto wetu kila siku kwamba kuuliza si ujinga. Je, maneno hayo ni ya watoto peke yao?

ZOEZI

Mwanikaji akikuuliza, “Karafuu hizi zimekauka?” usimjibu ndiyo wala siyo. Mpe chache mkononi umwambie azivunje. Muulize: Imekatika kwa mlio, au imepinda? Rangi yake ni ya kahawia yote, au bado? Zikitiwa guniani hivi zilivyo, zitakuwaje baada ya majuma mawili? Fanya hivyo siku tatu. Siku ya nne nenda kwenye shughuli zako, urudi jioni. Ukikuta zilizokauka zimetengwa na mbichi zingali zimeanikwa, jua kwamba umepata msimamizi wa pili pasipo kuongeza mshahara wa mtu. Ukikuta zimechanganywa, usifoke. Kaa naye jamvini, uanze tena kwa swali la kwanza.

Twawatakia nyote mchumo mwema.