KIVIMBE KISICHOUMA

Wamama na wababa wa Alunguli,

Tuseme mtoto anarudi mtoni, unamuosha, na mkono wako unagusa kitu kwenye mguu wake. Ni kivimbe kigumu chini ya ngozi, kama punje ya karanga. Unakibonyeza, mtoto halii. Hana homa, anakula, anacheza. Utafanya nini? Jibu tunalijua, maana kwa kila aina ya uvimbe tunalisikia: «Haiko na maumivu, tungojee kwanza.» Kuvuka Lualaba kwa pirogi kunaomba falanga, na siku ya shamba inapotea. Mtu anavuka kama kitu kinauma.

Ugonjwa wa Buruli unaingia kwa mlango huo huo. Unapatikana katika nchi zaidi ya 30, na Kongo yetu ni moja kati yao. Unaonekana zaidi kwa watu wanaokaa karibu na mabwawa na maji ya polepole. Katika Afrika karibu nusu ya wagonjwa ni watoto chini ya miaka 15. Hauambukizwi na mgonjwa kwa kumgusa, basi usimtenge mtoto wako. Wala si kitu ya ulozi. Ni mikrobe, ndugu ya mikrobe wa kifua kikuu na wa ukoma.

Munganga Albert Cook aliandika juu ya vidonda vya namna hii mwaka 1897, katika hospitali ya misioni ya Mengo, kule Kampala. Mikrobe yenyewe ilitambuliwa na waganga wa Australia, nao wakatangaza mwaka 1948. Jina Buruli ni la jimbo moja la Uganda karibu na mto Nili, ambako wagonjwa wengi walionekana baadaye. Hapa Kongo, hospitali ya misioni ya Kimpese, upande wa Matadi, imewatunza wagonjwa hawa kwa miaka mingi.

Sababu gani hakiumi?

Mwili una askari wake, ni chembe nyeupe za damu. Mikrobe ikiingia, askari wa kwanza anaiona, anatuma habari kwa wengine, wanakuja wengi. Ndiyo maana jipu la kawaida linakuwa jekundu, lina moto, linauma. Maumivu yale ni kelele ya vita.

Mikrobe wa Buruli hangojei vita. Kutoka kwenye ngozi yake mwenyewe anatoa vifuko vidogo sana, vidogo kuliko yeye mara kumi na zaidi. Ni kama mapovu ya sabuni: kipande cha ngozi kinavimba, kinakatika, kinakwenda peke yake. Ndani ya vifuko hivi mna sumu, inaitwa mikolaktoni. Sumu hii ilijulikana mwaka 1999, na mwaka 2007 wachunguzi walionyesha kwamba vifuko ndivyo vinaibeba. Tazama ujanja wake. Sumu hii ina tabia ya mafuta, na wewe mama unajua mawese hayachanganyiki na maji. Lakini ikiwa ndani ya kifuko inasafiri, inafika mahali mikrobe mwenyewe hajafika.

Ikiingia ndani ya chembe ya askari, inaziba mlango ambao habari zake zinapitia kwenda inje. Askari anakuwa bubu. Anaona adui lakini hawezi kuita wengine, kisha anakufa. Sumu ile ile inanyamazisha mishipa ya maumivu. Kwa hiyo ngozi na mafuta ya chini yake yanakufa pole pole, na mtoto anaendelea kucheza mpira. (Mikrobe wa tifoide na wa kipindupindu wanatoa vifuko pia, kila mmoja kwa kazi yake.)

Siku moja kivimbe kinapasuka. Kidonda kinaonekana kidogo, lakini ngozi ya pembeni inaning'inia, na chini yake mna pango. Kwa wengine hakuna kivimbe, ila mguu au mkono mzima unavimba upesi. Ukingoja miezi, kiungo kinaweza kukunjwa na kubaki hivyo.

Basi kivimbe kisichouma na kisichoondoka, ukilete kituo cha afya kikiwa bado kidogo. Usikikate na wembe, usikichome, usiweke majani. Munganga atachukua maji kidogo kwa sindano, au akipanguse kidonda kwa pamba, na kutuma kwa wapimaji. Zamani dawa ilikuwa kisu tu. Leo ni vidonge vya namna mbili, rifampisini na klaritromisini, kila siku kwa wiki 8, kwa kipimo cha uzito wa mgonjwa. Kidonda kinaoshwa na kufungwa, na kiungo kinanyooshwa kila siku kisikauke.

Jambo moja linawashitua wazazi wengi. Katikati ya dawa, au hata baada yake, pengine kidonda kinavimba, kinatoa usaha, kinaanza kuuma. Wanasema: «Dawa imemuharibu mtoto,» na wanaacha. Lakini mara nyingi ni hivi: mikrobe zimekufa, sumu imepungua, na askari wamepata sauti tena. Wanakuja wengi kwa mara moja kusafisha mahali pale. Mvushe mtoto, munganga aangalie kidonda. Vidonge aendelee navyo mpaka wiki 8 zitimie.